Helikopta zikihamishwa, mngurumo unakwenda kwa nani?

Katika uwanja wa shule ya msingi ya Futenma Daini, mjini Ginowan kisiwani Okinawa, kuna vibanda ambavyo havikujengwa kwa ajili ya mvua wala jua. Vilijengwa mwaka 2018 ili watoto wapate pa kukimbilia helikopta inapokuja. Uzio wa shule umepakana na uzio wa Futenma, kituo cha anga cha kikosi cha Marine cha Marekani. Tarehe 13 Desemba 2017, saa nne asubuhi, watoto wakiwa kwenye kipindi cha mazoezi ya viungo, dirisha la helikopta kubwa aina ya CH-53E liling'oka likaanguka katikati ya uwanja. Lilikuwa na uzito wa karibu kilo 8. Mtoto mmoja aliumia kidogo mkononi. Uwanja ulipofunguliwa tena, waliwekwa watu wa kutazama angani, na kila chombo kilipoelekea shuleni walipaza sauti, watoto wakaacha mpira wakakimbia. Jambo hilo lilitokea mamia ya mara katika miezi michache.

Naanza na uwanja huu kwa sababu sitaki msomaji anielewe vibaya nitakayosema baadaye. Helikopta za Futenma zina kila sababu ya kuondoka pale. Kituo hicho cha hekta 480 hivi kimekaa katikati ya mji wenye watu wanaokaribia 100,000, nyumba zikiuzunguka uzio pande zote. Tarehe 13 Agosti 2004 helikopta nyingine, CH-53D, iliparamia jengo la utawala la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, hatua chache kutoka kituoni. Ilikuwa likizo, na hakuna raia aliyekufa. Swali langu ni dogo zaidi, nalo ni la kiufundi: mngurumo ukiondolewa Ginowan, unakwenda wapi, na nani anaupima huko unakokwenda?

Serikali ya Japani ina jibu fupi. Kituo kipya kinajengwa Henoko, upande wa mashariki wa kisiwa hichohicho, katika mji wa Nago, kwa kujaza bahari kifusi. Inasema hivi: Futenma kuna kaya zaidi ya 10,000 zinazostahili kuwekewa vizuia sauti majumbani, na Henoko hazitakuwepo kabisa. Yaani sifuri. Namba hiyo nimeitafakari sana, maana kupima kelele ndiyo kazi yangu, na najua sifuri ya aina hiyo inavyopatikana.

Tuanze na sauti yenyewe. Ndege ya jeti hupiga kelele kali kisha ikapita. Helikopta huchelewa, hurudi, huning'inia mahali pamoja, na rubani anayejifunza huzunguka njia ileile mara nyingi kwa saa moja. Tena sauti yake ni ya namna nyingine. Kila panga linapokata hewa hutoa pigo. Helikopta ya zamani ya Huey ilikuwa na mapanga mawili tu, yakizunguka kama mara 324 kwa dakika, kwa hiyo ilitoa mapigo karibu 11 kila sekunde. CH-53E ina mapanga saba yanayozunguka karibu mara tatu kwa sekunde: mapigo 20 na kitu. Osprey, chombo kinachoruka wima kama helikopta kisha kikainamisha rafadha zake kikawa ndege, nayo inakaribia mapigo 20 inapoelea. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo 20 kwa sekunde. Kwa hiyo pigo la msingi la vyombo hivi liko mlangoni kabisa mwa usikivu: sikio hulipata kwa shida, lakini kifua, kioo cha dirisha na mlango uliolegea hulipata barabara.

Kila aliyewahi kulala mtaa wa pili kutoka kwenye harusi anajua jambo hili bila kufundishwa. Saa nane usiku husikii maneno ya mwimbaji, wala filimbi, wala kinanda. Unachosikia ni besi, du, du, du, inayopita ukutani kana kwamba ukuta haupo. Sauti nyembamba hufyonzwa na hewa na kuzuiwa na matofali. Sauti nzito husafiri mbali na kuingia ndani. Ndiyo maana mkazi wa karibu na kituo cha helikopta hukwambia kwamba anajua helikopta inakuja kabla hajaisikia. Hasemi uongo. Nyumba yake imeisikia kwanza.

Kuna mlio mwingine ambao watu huulalamikia kuliko yote, ule mkavu wa kupigapiga, kama mtu anayekung'uta zulia. Huo hutokea hasa helikopta inaposhuka polepole kutua. Kila panga huacha nyuma yake kimbunga kidogo cha hewa, na chombo kinaposhuka kwa mteremko fulani, panga linalofuata hukipiga kile kimbunga. Rubani anaweza kuupunguza mlio huo kwa kubadili mwendo au mteremko wa kushuka. Lakini mahali helikopta inaposhuka ni karibu na kituo, na karibu na kituo ndiko kwenye nyumba.

Sasa chombo cha kupimia. Desibeli zinazoandikwa kwenye taarifa za serikali karibu zote duniani hupimwa kwa mizani A, iliyotungwa kufuata sikio, ambalo ni zito kwa sauti za chini. Kwenye mitetemo 1,000 kwa sekunde mizani hiyo haipunguzi kitu. Kwenye mitetemo 63 inapunguza desibeli 26. Kwenye mitetemo 20, pale penye pigo la CH-53E, inapunguza desibeli 50. Kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu ya sauti, kwa hiyo kupunguza 50 maana yake ni kuhesabu sehemu moja kati ya 100,000. Mizani A si ya udanganyifu, na kwa mashine za kiwandani inafaa sana. Lakini kwa helikopta inalifuta lilelile linalomwamsha mtu.

Niliwahi kuitwa kupima mngurumo wa jenereta kubwa nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima. Chombo kilisoma namba ndogo, ndani kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa, huku vikombe vikigongana kabatini na maji ya glasi mezani yakitetemeka duara kwa duara. Nilimwonyesha namba. Alinisikiliza kwa heshima, akaniita mwanangu, kisha akaniambia chombo changu ni kiziwi. Nilikizima kile kichujio cha mizani A, nikapima upya sauti ikiwa nzima, na namba ikaruka. Tangu siku hiyo sikubali kuandika taarifa ya mngurumo mzito kwa mizani A peke yake.

Mahakama za Japani nazo zimelisogelea jambo hili. Mwaka 2010, katika kesi ya wakazi wa Futenma, tawi la Naha la Mahakama Kuu ya Fukuoka liliongeza fidia na kukubali kwamba mngurumo mzito wa helikopta unawaumiza watu kwa namna yake ya pekee. Lakini ombi la kusimamisha safari za usiku lilikataliwa, kwa hoja kwamba serikali ya Japani haina mamlaka juu ya ndege za Marekani. Mtu analipwa kwa kutolala, kisha usiku unaofuata halali tena.

Hapo tunakuja kwenye wastani. Tangu Aprili 2013 Japani inapima kelele za ndege kwa kujumlisha nguvu ya sauti ya siku nzima na kuigawa kwa muda wote. Jioni, kuanzia saa moja, kila safari huongezewa desibeli 5. Usiku, kuanzia saa nne hadi saa moja asubuhi, huongezewa 10, yaani safari moja ya usiku inahesabiwa kama kumi za mchana. Ni kipimo cha busara kuliko kilichokitangulia. Ila fikiria mtaa unaopitiwa na helikopta mara 100 kwa siku, kisha zipunguzwe zibaki 50. Wastani unashuka desibeli 3 tu, kiasi ambacho kwa kipimo ni kidogo mno, ingawa kwa mkazi ni nusu ya usumbufu. Geuza upande wa pili: kijiji kitulivu ambacho helikopta hukizunguka usiku wa leo mpaka saa tano, kisha hazionekani kwa siku kumi. Wastani wa mwaka hautakaribia mstari wowote. Kwenye ramani ya kelele, kijiji hicho ni cheupe.

Kijiji hicho kipo, na kinaitwa Takae. Kiko kaskazini mwa Okinawa, katika misitu ya Higashi, kina watu 150 hivi. Desemba 2016 Marekani ilirudisha karibu hekta 4,000 za eneo lake la mazoezi la kaskazini, zaidi kidogo ya nusu, habari iliyosikika kama neema. Sharti la kurudishiwa lilikuwa kujenga viwanja vipya vya kutulia helikopta katika sehemu iliyobaki, na viwanja hivyo vimekizunguka Takae. Tarehe 11 Oktoba 2017 CH-53E moja ilitua kwa dharura katika malisho ya mkulima wa hapo na kuteketea. Takae hakuna njia ya kurukia ndege, kwa hiyo hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya ndege haiwezi kuiona. Kazi ya helikopta haiishii kituoni. Iko pia porini, kwenye viwanja vidogo, kwenye njia za kwenda na kurudi. Kituo kikihamia Henoko, kinasogea karibu zaidi na misitu hiyo.

Ndiyo maana ile sifuri haitoshi. Inasema hakuna nyumba ndani ya mstari wa wastani uliochorwa kuzunguka njia mbili za kurukia zenye umbo la V, umbo lililokubaliwa mwaka 2006 ili ndege ziingie na kutoka kwa upande wa bahari, zisipite juu ya nyumba. Kwa ndege inayotua sawasawa kama ilivyochorwa, umbo hilo lina maana. Ila wakazi wa Ginowan nao walikuwa na mipaka yao. Makubaliano ya Machi 1996 yalisema safari za Futenma zizuiwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa zile zinazoonekana za lazima kwa utendaji. Neno hilo isipokuwa limebeba helikopta nyingi mgongoni, maana anayeamua lililo la lazima ni yuleyule anayeruka.

Mara nyingi watu huambiwa kwamba wanaopinga wanataka tu mzigo uende kwa jirani. Kwa Okinawa lawama hiyo haifai. Mkoa huu ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, na umebeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Marekani peke yake. Tarehe 24 Februari 2019 ulipiga kura ya maoni kuhusu kujaza bahari ya Henoko. Karibu asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa. Wakazi wa Ginowan, waliokuwa na haki ya kushangilia mzigo wao kuhama, nao pia walikataa kwa wingi. Mwishoni mwa 2023 serikali kuu iliidhinisha yenyewe kazi ambayo gavana Denny Tamaki alikuwa amekataa kuiidhinisha, na Januari 2024 mawe yakaanza kuporomoshwa katika ghuba ya Oura, penye matumbawe, na penye udongo laini unaofika mita 90 chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1996 waziri mkuu Hashimoto Ryutaro na balozi wa Marekani Walter Mondale waliahidi Futenma irudishwe ndani ya miaka 5 hadi 7.

Na vile vizuia sauti? Ni madirisha mazito ya vioo, na serikali huyalipia. Yanazuia vizuri sauti nyembamba. Kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo kioo kinavyoshindwa: mitetemo ikipungua nusu, kinga hupungua kwa desibeli kama 6. Tena dirisha hulinda likiwa limefungwa, na Okinawa ni nchi ya joto na unyevu, msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Kufunga dirisha Julai ni kuwasha kiyoyozi, na bili ni ya mwenye nyumba.

Ningekuwa na sauti katika jambo hili, ningedai mawili. Kwanza, kila safari iandikwe na itangazwe: saa yake, njia yake, kilele cha sauti yake, kwa mizani A na bila mizani A. Saa na njia marubani wanazo tayari kwenye rekodi zao. Pili, na hili halingojei siasa yoyote, Henoko na vijiji vya jirani vipimwe sasa. Ujenzi umebakiza miaka mingi, kwa hiyo muda upo. Vyombo viwekwe ndani, chumbani watu wanapolala, si juu ya paa la ofisi ya mji; vipime kuanzia mitetemo 10 kwa sekunde kwenda juu, mchana na usiku, masika na kiangazi, mwaka mzima. Siku helikopta ya kwanza itakapotua pale, mkazi atakayesema usiku wake umebadilika awe na karatasi mkononi inayoonyesha ulikuwaje.