Wimbo huu wa nani? Mazungumzo ya taarab hapa Sib



Hapa Sib tuna kijibaraza chetu. Alkhamisi usiku, baada ya Isha, tunakusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja si mbali na soko la pwani. Sharti ni moja tu: kila mtu aje na nyimbo mbili, mmoja anaoupenda mwenyewe na mmoja anaodhani wengine hawajapata kuusikia. Kahawa ipo, halua ipo, na ubishi ndio usiseme.

Mwezi uliopita ilipofika zamu yangu nilipiga wimbo kutoka kanda aliyonipa marehemu mama nilipokuwa naondoka kwenda kusoma Ulaya. Juu ya kanda ile mama kaandika neno moja: "Siti". Basi. Miaka thelathini naisikiliza, na wala sikuishia hapo. Nimewapigia wanafunzi wangu darasani, nikawaambia hii ndiyo sauti ya Siti binti Saad. Mtu na shahada yake ya udaktari!

Mama mzazi wa mwenyeji wetu, aliyekulia Unguja na sasa umri umepita themanini, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wimbo huu umechukua dakika ngapi?"

Nikatizama simu. "Dakika tisa, bibi."

"Bila ya kukatika?"

"Bila ya kukatika."

"Basi huyo si Siti."

Hoja yake ni nyepesi, na mie msomi haikunipitia akilini. Siti binti Saad na wenziwe walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, naye akafariki mwaka 1950. Sahani za santuri za zama zile upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu. Wimbo ukiwa mrefu, hukatwa katikati ukaendelea upande wa pili. Dakika tisa mfululizo ni mambo ya kanda, siyo ya sahani. Isitoshe, nyuma ya sauti ile kuna safu nzima ya fidla na kodiani inamjibu mwimbaji, hali ya kuwa Siti aliimba na wapigaji wachache tu.

"Na hili jina, bibi?"

"Siti wako wengi, mwanangu. Labda ndiye mwenye kanda."

Watu walicheka sana. Mie nilicheka nusu.

Sasa kwa nini nawaletea khabari hii? Kwa sababu nadhani wengi wetu tuna "Siti" wetu ndani ya makabati. Taarab si kama nyimbo ambazo ukishajua mwimbaji umemaliza. Wimbo mmoja una mtunzi wa mashairi, una aliyetia sauti, una mwimbaji, na mara nyingi una kikundi. Tukimtaja Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, wengi tunasahau kwamba mengi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, yule yule wa *Malenga wa Mvita*. Anayejua hilo akiupenda wimbo ataufuata mpaka kitabuni, na asiyejua ataishia kwenye sauti.

Halafu kuna mafumbo. Taarab huimbwa mbele ya watu wanaojuana. Mtu akinyanyuka kwenda kutunza, anatunza ubeti unaomsemea, na aliyekusudiwa anajijua. Ukiondoa harusi, mtaa na mwaka, maneno yanabaki lakini lile jambo lenyewe limekwenda.

Kwetu huku Oman hasara hiyo imekuwa rahisi zaidi. Baada ya 1964, na khasa baada ya 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika nje, watu walikuja na walichoweza kubeba, na kanda ni kitu chepesi. Ikanakiliwa kwa shemeji, shemeji akamnakilia jirani, na kila nakala ilipoteza kidogo ya sauti na mara nyingi jina lote. Leo vijana wanatumiana kwa simu faili limeandikwa "taarab ya zamani 7". Ya saba katika ngapi? Mungu anajua.

Tangu usiku ule tumeongeza sharti barazani kwetu. Anayeleta wimbo aje na majibu ya maswali matano: nani katunga, nani kaimba, kikundi gani, lini na wapi, na wewe umeupata kwa nani. Usipojua, sema hujui, lakini hilo la mwisho huwezi kukosa. Kanda asili tunaipiga mara moja kwenye mashine nzuri iliyosafishwa, tunaihifadhi kwenye kompyuta bila kuibana, na mzee akizungumza tunamrekodi na yeye. Unyevu wa pwani hauna huruma na kanda.

Na faida yake si makumbusho tu. Kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, alikuja na wimbo mmoja wa udi asiojua wa nani. Akaambiwa ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016. Wiki iliyofuata alituletea nyimbo zake nyengine sita, mbili hata sisi wazee hatukuwa tukizijua. Jina moja tu lilimfungulia mlango.

Mtauliza, na ile kanda ya mama? Bibi aliifikiri sana. Akasema sauti anaijua, jina linamcheza kwenye ulimi, na yuko mtu mmoja ambaye angelitaja bila ya kufikiri, shoga yake wa tangu skuli. Nikatoa kalamu niandike nambari ya simu.

"Tumemzika mwaka jana, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo ndugu zangu, tumianeni nyimbo, lakini kwanza muulizeni mzee aliye karibu nanyi. Mpigieni leo.

Wassalaam.