Bwawa la koi nyuma ya nyumba: nunua pampu utakayoweza kuiacha ikiwaka usiku kucha



Juzi koi wanane wamekutwa wameelea alfajiri kwenye nyumba moja ya wageni pale Mikumi, kandokando ya barabara kuu. Bwawa zuri, mawe ya mto yamepangwa, maji yanaporomoka kutoka juu. Kijana aliyelijenga ni mkulima wa nyanya, kazi ya mabwawa kajifunza mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Akanipigia simu: "Afisa, kuna mtu kawawekea samaki sumu." Nikaenda. Sumu haikuwepo. Swichi ya pampu ilikuwa imezimwa.

Mwenye nyumba alikuwa anaizima kila siku saa nne usiku, maana LUKU ilikuwa inaisha mbio. Na mimi lawama kidogo inanihusu. Nilipita pale wakati wa ujenzi, nikasifia yale maporomoko, sikuuliza pampu yenyewe ni ya aina gani.

Tuanze na usiku. Mchana ule ukijani wa kwenye maji unatengeneza oksijeni kwa kutumia mwanga wa jua. Jua likizama haitengenezwi tena, na huo ukijani wenyewe unaanza kuitumia, pamoja na samaki, pamoja na uchafu unaooza chini. Kwa hiyo oksijeni inashuka usiku kucha, na saa mbaya kuliko zote ni kama saa kumi na moja alfajiri. Joto letu linaongeza tatizo: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanaishia kwenye 7.5 hivi. Ukiwakuta samaki asubuhi wamepanga midomo juu ya maji wanahema, hawaombi chakula, wanaishiwa pumzi. Kambare angevumilia, yeye ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Sato naye anajitahidi. Koi hawezi. Pampu ya bwawa la koi inahitajika usiku kuliko mchana, na huyu mwenzetu aliuza pampu ambayo mteja hakuweza kumudu kuiacha ikiwaka.

Ilikuwa pampu gani? Ile ya nusu hosipawa mnayoijua wote, ya kupandisha maji kwenye tenki la juu. Wati 370 kwa saa 24 ni karibu uniti 9 kwa siku, kama 270 kwa mwezi, na kwa kawaida inavuta zaidi ya hapo. Zidisha kwa bei unayonunulia umeme uone. Kibaya zaidi, pampu ile imetengenezwa kusukuma maji juu sana, mita 30 na zaidi, lakini maji inayotoa ni machache. Nyingi hazifiki hata lita 2,500 kwa saa. Bwawa halihitaji kupandishiwa maji mita 30. Linahitaji maji mengi yanayopanda kidogo tu.

Sasa tupige hesabu ya bwawa lake. Urefu mita 4, upana mita 3, maji kina cha mita 1: hizo ni lita 12,000. Kwa koi, maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili. Kwa hiyo tunatafuta lita 6,000 kwa saa.

Halafu kimo. Pima kutoka usawa wa maji ya bwawa mpaka pale maji yanapotokea, juu ya jiwe la maporomoko au mdomo wa pipa la chujio. Kwake ni mita 1.2. Wengi wanaishia hapo, wanasahau kwamba bomba nalo linabana. Kusukuma lita 6,000 kwa saa kwenye bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 10 ni sawa na kuongeza kimo kwa mita 4 hivi. Bomba la inchi moja na nusu, urefu uleule, linaongeza kama sentimita 60 tu. Ongeza kidogo kwa ajili ya kona, unapata jumla ya mita 2 kwa bomba pana, na zaidi ya mita 5 kwa bomba jembamba. Nimeona watu wanabana pesa kwenye bomba halafu wanalipa kwenye umeme kila mwezi. Nunueni bomba pana, jamani.

Dukani usikubali kuambiwa "hii ina nguvu". Geuza pampu usome kibati chake. Utakuta Q max na H max. Q max ni maji inayotoa ikiwa haipandishi popote. H max ni kimo ambacho ikifika hapo haitoi hata tone. Hivi viwili havipatikani kwa wakati mmoja, kwa hiyo pampu iliyoandikwa lita 6,000 haitakupa lita 6,000 kwenye mita 2. Omba mchoro wake, aghalabu uko kwenye boksi au kile kijitabu, tafuta mita 2, uone inatoa lita ngapi hapo. Pampu nzuri za kuzamisha za mabwawa zinafanya kazi hii kwa wati 100 hivi, yaani uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Bei yake dukani inaweza kuwa juu kuliko ile ya tenki. Mweleze mteja hesabu ya mwezi kabla hajashangaa bei.

Umeme ukikatika je? Weka pampu ndogo ya hewa, ile ya kutoa mapovu, ya wati 20, kwenye betri ya N50 inayochajiwa na sola. Saa 12 inakula kama nusu ya betri. Waya wote upite juu, na fundi afunge swichi inayojikata umeme ukivuja. Usiingize mkono kwenye maji pampu ikiwa kwenye umeme.

Kuhusu bwawa lenyewe nitasema kwa kifupi. Chimba mita 1.2 ubakize sentimita 20 juu ya maji, kuta zisimame wima ili korongo asipate pa kukanyaga. Plastiki nzito ya kutandika: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha mita moja ya kukunjia. Kwa bwawa hili ni mita 7.4 kwa 6.4. Ukijenga kwa saruji, jaza na umwage maji mara kadhaa kwa wiki mbili tatu, maana saruji mpya inaua. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi siku mbili. Chujio ni pipa la lita 200 lenye nyavu na kokoto. Bakteria wa kusafisha mkojo wa samaki wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga humo, kwa hiyo anza na samaki wachache, na mwisho wa yote usizidishe koi mmoja mkubwa kwa lita 1,000. Wafunike kwa wavu, kuna kenge. Mikumi kuna na tembo, wavu hautasaidia.

Wanaoniuliza kama bwawa hili hili wafugie sato wauze: mita 12 za mraba ni kitoweo cha nyumbani. Kwa biashara ya sato chimba bwawa kubwa la udongo, na vifaranga kaulize Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Kingolwira. Pesa ya koi iko kwenye kujenga na kuhudumia mabwawa ya nyumba za wageni, siyo sokoni.

Kwa wa Kilosa, nasisitiza hili. Koi ni aina ya samaki mgeni, si wa mito yetu. Mnakumbuka Mkondoa ulivyotoka mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, reli ikakatika na watu wakahamia kwenye mahema. Bwawa lililo bondeni siku kama ile linamwaga samaki wote mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni, nami ningesogea zaidi. Kabla ya kuagiza koi, pitia kwa afisa uvuvi wa halmashauri akueleze vibali.

Yule kijana amebadilisha bomba na pampu, tumegawana gharama yeye na mwenye nyumba, na mimi nikatoa nauli zangu. Siku ya kuwasha tulipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Kwa lita 6,000 kwa saa, ndoo inatakiwa ijae kwa sekunde 12. Yetu ilijaa kwa 13. Tukaondoa kona moja isiyo na kazi, tukapima tena.