Futiboli ya Marekani na Haki ya Jina Lake

Mtazamaji aliyezoea soka, akikutana na mechi ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, kwenye runinga, huuliza mapema: mguu uko wapi? Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, unarushwa kwa mkono, unabebwa kwapani, na muda mrefu hupita bila mtu kuugusa kwa kiatu. Hata hivyo Wamarekani huuita mchezo huo futiboli, jina ambalo sehemu kubwa ya dunia imelitunza kwa ajili ya mchezo wa Pelé na Messi. Ndiyo maana wapenzi wengi wa soka huamini kwamba Wamarekani wamejitwalia jina lisilo lao. Naipinga hukumu hiyo. Jina walilipata kihalali, kutoka ukoo uleule uliozaa soka, na wakati walipolipokea mguu ndio uliokuwa ukiamua mshindi. Wasichostahili ni kulimiliki peke yao, na haki ya namna hiyo hata soka haina.

Ugomvi wa jina ulianzia Uingereza. Hadi katikati ya karne ya 19, kila shule kubwa ya nchi hiyo ilikuwa na futiboli yake: Eton sheria zake, Harrow zake, Rugby zake, na vijana walipokutana vyuoni hawakuelewana nani anaruhusiwa kufanya nini. Tarehe 26 Oktoba 1863 wawakilishi wa klabu kadhaa za London walikutana Freemasons' Tavern wakaunda Football Association, ili pawe na sheria moja. Rasimu yao ya kwanza, jambo ambalo husahaulika sana, ilimruhusu mchezaji aliyeudaka mpira kukimbia nao mikononi, na ikamruhusu mpinzani kumkwatua au kumpiga mateke ya ugokoni. Vipengele hivyo vilipofutwa, klabu ya Blackheath ilijitoa, na mwaka 1871 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Rugby Football Union. Litazame jina hilo vizuri. Waliochagua kubeba mpira hawakuliacha neno futiboli, na chama chao kinalo hadi leo bila mtu kwenda makao yake ya Twickenham kuwadai walirudishe. Kila upande ulijiona unacheza futiboli. Kilichowatenganisha ni neno la pili, hii ya Chama, ile ya Rugby. FIFA, iliyoundwa Paris mwaka 1904, bado imebeba neno hilo la Chama katika jina lake. Wanafunzi wa Oxford ndio waliokata majina hayo marefu, na katika vifupisho vyao ndimo zilimotoka soka yetu na raga ya Wakenya. Kwa hiyo soka ni jina la Waingereza wenyewe, si dharau iliyobuniwa na Wamarekani.

Marekani ilipokea matawi yote mawili karibu kwa pamoja. Tarehe 6 Novemba 1869, huko New Brunswick, New Jersey, vyuo vya Rutgers na Princeton vilipambana katika mechi ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo nchini humo. Kila timu ilikuwa na watu 25, kubeba na kurusha mpira vilikatazwa, na Rutgers ikashinda 6 kwa 4. Mpenzi wa soka angeutambua mchezo ule upesi kuliko shabiki wa NFL wa leo. Mwelekeo uligeuka mwaka 1874, wakati timu ya McGill kutoka Montreal ilipokwenda kucheza na Harvard ikiwa na sheria za raga. Harvard walizipenda, na mwaka 1876 vyuo kadhaa vilikutana Springfield, Massachusetts, vikakubali sheria zilizojengwa juu ya zile za Rugby. Ni katika sheria hizo za 1876 ninapouona ushahidi mzito kuliko wote: goli moja la kupigwa kwa mguu lilihesabiwa sawa na tachidauni nne. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho, ilikuwa hasa njia ya kupata nafasi ya kuupiga kati ya nguzo. Walter Camp wa Yale, aliyeutenganisha mchezo huu na raga kuliko mtu mwingine yeyote, alipunguza wachezaji hadi 11 mwaka 1880, na miaka miwili baadaye ikaja kanuni ya kuipa timu majaribio matatu ya kusogea yadi 5. Lakini pointi zilipopangwa mwaka 1883, goli la mguu kutoka uwanjani lilipewa 5, na tachidauni ikaambulia 2 tu. Mchezo wenye hesabu ya namna hiyo ungeitwa nini kingine?

Baada ya hapo mguu ulishushwa hadhi kidogo kidogo. Thamani ya tachidauni ilipanda mara kadhaa hadi ikafika pointi 6 mwaka 1912; goli la mguu lilishuka hadi 4 mwaka 1904, kisha 3 mwaka 1909, na hapo limebaki. Katikati ya safari hiyo palikuwa na msiba: wachezaji walikuwa wakifa viwanjani kwa kugongana, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita White House wakuu wa mchezo kutoka Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata sheria ziliruhusu kuurusha mpira mbele kwa mkono, ili wachezaji watawanyike. Katika miaka ya 1930 mpira wenyewe ulipunguzwa unene ili ushikike vizuri, na kwa ncha zake kali ukawa haudundi sawasawa, hivyo ustadi wa kuudundisha na kuupiga ukafifia. Jina halikubadilika, mchezo ndio uliobadilika ndani yake.

Mpinzani atasema kwamba hoja hiyo inahalalisha jina la 1883, si la leo. Lakini hata leo mguu haujaondoka. Kila mechi huanza kwa mpira kupigwa, timu iliyokwama huubutua mbali na lango lake, na mtu anayeongoza kwa pointi katika historia yote ya NFL ni mpigaji, Adam Vinatieri, mwenye pointi 2,673. Anayemfuata ni mpigaji pia, Morten Andersen, mzaliwa wa Denmark, mwenye 2,544. Jerry Rice, mdakaji aliyefunga tachidauni nyingi kuliko wote, ana 1,256, chini ya nusu ya pointi za Vinatieri. Fainali ya Super Bowl ya Januari 1991 iliamuliwa na teke la yadi 47 la Scott Norwood lililopita kando ya nguzo, na Buffalo ikapoteza 20 kwa 19. Ile ya Februari 2002 iliamuliwa na teke la yadi 48 la Vinatieri, muda ukiwa umekwisha. Tena namna wapigaji wa leo wanavyoujia mpira kwa pembeni na kuupiga kwa mgongo wa kiatu ilitoka kwenye soka: Pete Gogolak, aliyezaliwa Hungaria, aliiingiza katika futiboli ya kulipwa mwaka 1964 akiwa Buffalo.

Nakubali kwamba matukio hayo ni machache ukilinganisha na kazi ya mikono katika mechi nzima, na pingamizi hili ndilo lenye nguvu. Tukiligeuza kuwa kanuni, hata hivyo, futiboli ya Ireland itapoteza jina lake kwa sababu wachezaji huudaka na kuupiga ngumi, na ya Australia, ambayo sheria zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, kabla ya Football Association kuzaliwa, itapoteza lake pia. Soka nayo ina historia ya mikono, kwani hadi 1912 golikipa aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Wapo wanaoitetea Marekani kwa kusema kwamba futiboli hapo kale ilimaanisha mchezo wa watu waendao kwa miguu, si wa wapanda farasi. Maelezo hayo siyategemei, kwa sababu hayajathibitishwa, na kesi inasimama bila hayo.

Jina lisilo na nyongeza huamuliwa na wingi wa watu nyumbani. Chama cha soka cha Marekani kilianzishwa mwaka 1913 kikijiita United States Football Association. Mwaka 1945 kiliingiza neno Soccer katika jina lake, na mwaka 1974 kikaliondoa Football kabisa. Kilishindwa kwa idadi ya mashabiki, si kwa mantiki, na kwa kipimo hichohicho futiboli ya Marekani inashindwa ikivuka bahari. NFL, iliyoanza kupeleka mechi zake za ligi London mwaka 2007, huko haina budi kujitambulisha kwa jina kamili. Mwandishi wa Kiswahili naye asiseme futiboli tupu akimaanisha mchezo huo, bali futiboli ya Marekani, kila mara. Na asiiweke ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba nusu ya kwanza ya jina hilo ni uongo.