Kabla Hujanunua Mbwa Mdogo, Fanya Hesabu Hii Ujue Atafikia Kilo Ngapi

Matangazo ya kuuza watoto wa mbwa yamejaa kwenye simu siku hizi. Unaona picha ya kambwa kamejikunja kwenye kiganja, na chini yake maneno: "Huyu haongezeki, atabaki hivi hivi." Unalipa, unampeleka kwenye chumba cha kupanga, na baada ya miezi sita mwenye nyumba anakuuliza hilo jibwa limetoka wapi.

Ukweli ni kwamba hakuna mtoto wa mbwa anayebaki alivyo. Ila ukubwa atakaofikia unaweza kuukadiria, na hesabu yenyewe si ngumu. Unahitaji kujua mambo matatu: mbegu, uzito na umri. Hapo kwenye umri ndipo wengi wanapopigwa.

1. Anza na mbegu

Kila mbegu ina kiwango chake. Kwa viwango vya chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, mbwa mzima wa mbegu hizi ndogo huwa hivi:

- Chihuahua: hazidi kilo 2.7
- Pomeranian: kilo 1.4 hadi 3.2
- Yorkshire Terrier: kilo 3.2
- Maltese: chini ya kilo 3.2
- Shih Tzu: kilo 4 hadi 7.3

Hivyo ni viwango vya maonyesho. Mbwa wa nyumbani wengi huzidi kidogo, na hilo si tatizo.

Angalia sana hapa: mtoto wa Pomeranian mweupe na mtoto wa Japanese Spitz wanafanana mno wakiwa wadogo. Lakini Spitz akikomaa hufika kilo 5 hadi 10. Mtu anaweza kukuuzia mmoja kwa jina la mwingine, na usigundue mpaka miezi ipite. Dawa yake ni moja: omba kumwona mama, na baba kama yupo. Mama mwenye kilo 8 hatakuzalia mbwa wa kilo 2.

2. Mpime, kisha zidisha

Mizani ya jikoni inatosha. Weka bakuli juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, kisha mweke mbwa ndani ya bakuli.

Kwa mbegu ndogo kabisa, mtoto wa wiki 12 huwa amefika karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima, au pungufu kidogo ya hapo. Kwa hiyo chukua uzito wa wiki 12, zidisha mara 2 hadi 2.5. Maltese mwenye kilo 1.3 kwa wiki 12 atakuwa kati ya kilo 2.6 na 3.25.

Akiwa na wiki 6 tu, zidisha mara 4. Makadirio ya umri huo ni ya kubahatisha zaidi, ila yanakupa picha.

Kuna kanuni nyingine inayosambaa sana: gawanya uzito kwa idadi ya wiki, kisha zidisha kwa 52. Kwa huyo Maltese wetu ingekupa kilo 5.6, ambayo imepitiliza. Kanuni hiyo inachukulia kwamba mbwa anakua kwa kasi ileile mwaka mzima, wakati mbwa wadogo hupunguza kasi mapema. Wengi hufika ukubwa wao wakiwa na miezi 8 hadi 12, tofauti na mbwa wakubwa wanaoendelea hadi mwaka mmoja na nusu au miwili.

3. Umri: mfungue mdomo

Sasa tuseme muuzaji amekuambia mtoto ana wiki 12, kumbe ana 6. Kilo 1.3 zilezile, ukizidisha mara 4, zinakuwa kilo 5.2. Mbwa ni yuleyule na mizani ni ileile, ila umeongezewa kilo mbili nzima ambazo hukuzitegemea.

Kinachosaidia ni meno. Meno ya utotoni huanza kutoka karibu wiki ya 3. Kufikia wiki ya 8 watoto wengi huwa na meno yote 28, ingawa mbegu ndogo wakati mwingine huchelewa kidogo. Ukiambiwa ana miezi mitatu na ukakuta magego ndiyo kwanza yanachomoza, shtuka.

Meno ya mbele huanza kubadilika kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Ukiambiwa ana wiki 8 na ukakuta meno mapya makubwa mbele, huyo ni mkubwa kuliko ulivyoambiwa. Omba pia kadi ya chanjo, ulinganishe tarehe. Ukiwa na shaka, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kulipa.

4. Achana na habari za miguu

Utasikia watu wanasema, "Angalia nyayo, zikiwa kubwa atakuwa mkubwa." Kwa mbegu ndogo kigezo hiki hakiaminiki. Uzito, umri na wazazi vinakueleza zaidi.

5. Usimbane chakula ili abaki mdogo

Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Udogo unatoka kwa wazazi, hautoki kwenye sahani. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza kwamba jeni moja iitwayo IGF1 ina mchango mkubwa katika kuwafanya mbwa wawe wadogo. Ukimnyima chakula hubadilishi mbegu, unamdhoofisha tu.

Tena watoto wa mbegu ndogo sukari yao ya mwilini hushuka haraka. Akikaa muda mrefu bila kula anaweza kulegea, kutetemeka, kuzimia, hata kufa. Mpe chakula kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku.

Vilevile jihadhari na wanaouza "mbwa wa kikombe" kwa bei ya juu. Hiyo si mbegu, na American Kennel Club haiitambui. Mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa dhaifu, au aliyetolewa kwa mama mapema mno.

6. Ukishamnunua

Mpime kila wiki, siku ileile, na uandike kwenye simu. Mtoto mwenye afya huongezeka taratibu bila kurudi nyuma. Uzito ukisimama kabla ya miezi 6 au ukishuka, usifurahi kwamba "amebaki mdogo". Muone daktari, huenda ni minyoo au ugonjwa.

Na kama hesabu inakuambia atafika kilo 5 na nyumba yako haimudu, ni bora umwache leo kuliko kumtupa barabarani baada ya miezi sita.