Waya Mkubwa wa Umeme Upite Ndani ya Bomba

Simama barabarani hapa Mabatini utazame mlimani. Unaona nini? Mawe makubwa, na nyumba za bati zimekaa juu ya mawe. Siku hizi na ghorofa zinaota katikati yake. Nyumba moja ina wapangaji sita, hata kumi. Wote wanataka taa, redio na pasi.

TANESCO huleta waya kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake. Hapo unaanza waya mkubwa unaopeleka umeme kwenye kila ghorofa. Huo ndio tunaouzungumza leo.

Waya una madini ndani na ngozi ya plastiki nje. Ngozi ndiyo inayotukinga. Umeme wa nyumbani una volti 230, nao unaua mtu.

Sasa, wako mafundi wanaoulaza waya huo juu ya bati. Upepo wa ziwani ukivuma, bati linacheza. Ukingo wake unakata ngozi kidogo kidogo kama msumeno. Panya naye anatafuna. Mwisho waya unagusa bati, na paa lote linakuwa na umeme.

Mwanakisomo mmoja aliniambia kila akianika nguo mkono unamshtuka. Alidhani ni ugonjwa wa mishipa! Kamba yake ya kuanikia ilikuwa ya waya, imefungwa kwenye bati. Fundi alipopanda juu alikuta waya wa umeme umechubuka palepale bati linapoishia. Mama yule alikuwa anashika kamba hiyo na nguo mbichi kila siku.

Dawa yake ni bomba. La plastiki linafaa mahali pengi. Mahali panapogongwa na mizigo, tumia la chuma. Lakini la chuma lazima liungwe na waya wa ardhi. Bila hivyo waya ukichubuka ndani, bomba zima lina umeme, na tumerudi kulekule kwenye bati.

Bomba liwe pana. Nyaya zisijaze hata nusu ya nafasi yake. Kwa nini? Umeme ukipita, waya unapata joto. Nyaya zikibanana joto halitoki, na ngozi inaharibika. Tena zikibanana zinachubuka wakati wa kuvutwa, kabla hata umeme haujawashwa. Mwenye nyumba anayenunua bomba jembamba ili kupunguza gharama atalipia waya mara mbili.

Bomba kwanza, waya baadaye. Fundi huchimba mfereji ukutani, hulaza bomba, hupiga lipu, ndipo huvuta waya. Kona zipinde polepole, zisivunjike kama kiwiko. Baada ya kona mbili aweke boksi, maana kona zikizidi waya hauvutiki. Waya usiungwe ndani ya bomba kamwe. Maungio yakae ndani ya boksi lenye kifuniko, yaweze kukaguliwa.

Katika ghorofa liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Bomba likitoboa sakafu kwenda juu, tundu linalobaki pembeni lizibwe kwa saruji. Likiachwa wazi, moto wa chini unapata njia ya kupanda, na moshi wake unawafikia waliolala juu.

Kazi hii usijaribu mwenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EWURA. Wewe sasa unajua kusoma, basi isome. Tazama jina, tena tazama tarehe ya mwisho wa leseni.

Kabla ukuta haujapigwa lipu, chukua karatasi uchore mabomba yanapopita. Andika ni hatua ngapi kutoka mlangoni. Weka karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba. Siku ukitaka kugonga msumari wa kutundikia kalenda, uitazame kwanza.