Kisukari cha Ukubwani: Dawa Moja au Mbili?

Mwenye kisukari cha ukubwani kwa kawaida huanzishiwa metformini, dawa ipunguzayo sukari itolewayo na ini. Lakini kongosho huzidi kudhoofika mwaka hata mwaka, na dawa hiyo pekee hatimaye hulemewa. Je, yafaa kungoja ilemewe ndipo ya pili iongezwe?

Utafiti wa VERIFY, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa 2,001 wa nchi 34 waliogunduliwa karibuni. Tiba ya awali ilishindwa kwa asilimia 62.1 ya waliotumia metformini peke yake, na asilimia 43.6 ya waliochanganyiwa vildagliptini tangu mwanzo.

Hata hivyo, dawa mbili zina gharama zaidi. Daktari hana budi kupima faida pamoja na uwezo wa mgonjwa.