Mkaa Dodoma: Ramani ya miti isomwe kwa tahadhari

GUNIA la mkaa linalouzwa Chang'ombe, jijini Dodoma, lina gharama mbili zisizoonekana kwenye mizani. Ya kwanza ni mti uliokatwa. Ya pili ni umbali kutoka tanuri hadi sokoni. Miti ya karibu ikiisha, lori huenda mbali zaidi, na nauli yake huingia katika bei. Kwa sababu hiyo mwenendo wa miti katika kanda ya kati ni habari ya soko, si ya maofisa misitu peke yao.

Mahitaji yamekua haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini; ya 2022 ilihesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma.

Tanuri la kienyeji la udongo hutumia takriban kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa. Tukichukua kilo 6, gunia la kilo 50 ni kilo 300 za kuni, na magunia 100 ni tani 30. Katika nchi ipatayo mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tani hizo hazioti tena kwa msimu mmoja.

Upotevu wa miti hupimwaje?

Setilaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Ramani za dunia zinazotumika sana leo huanzia mwaka 2000 na hugawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, yaani chini kidogo ya robo ekari. Kila mraba hulinganishwa mwaka hadi mwaka: ulikuwa na miti, je, bado inayo?

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Dodoma anapoweza kupotoshwa. Ramani hizo huhesabu mimea inayozidi mita 5 kwa urefu, na kwa kawaida huonyesha mahali ambapo matawi yamefunika zaidi ya asilimia 30 ya ardhi. Tafsiri ya msitu inayotumiwa na Tanzania ni pana zaidi: nusu hekta, urefu wa mita 3, na matawi asilimia 10. Migunga na vichaka vya Bahi au Manyoni vinaweza kuwa msitu kwa kipimo cha Serikali na kuwa ardhi tupu kwenye ramani ya dunia. Kisichohesabiwa kuwa mti hakiwezi kuhesabiwa kimepotea. Hivyo ramani inayoonyesha upotevu mdogo Dodoma haithibitishi kuwa mkaa upo tele.

Kosa la pili ni la msimu. Miti mingi ya huku hupukutisha majani kiangazi. Picha ya Machi ikilinganishwa na ya Septemba, pori zima litaonekana limekatwa. Picha zilinganishwe za mwezi mmoja, na mwaka wa mvua nzuri usipimwe dhidi ya mwaka wa ukame.

Kosa la tatu ni kubadilika kwa mizani. Tathmini ya taifa ya misitu iliyotolewa 2015 ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu na upotevu wa hekta 372,816 kwa mwaka. Hesabu ya baadaye ya kipindi cha 2002 hadi 2013 ilitoa hekta 469,420. Kuziweka mbili hizo kwenye mstari mmoja na kusema upotevu umepanda ni makosa, kwani miaka na njia za kupima hazikuwa sawa.

Miti pia hurudi

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, na uoto ukarudi. Huko Niger, ukingoni mwa jangwa la Sahara, wakulima walilea machipukizi ya visiki mashambani kuanzia miaka ya 1980. Picha zilionyesha takriban hekta milioni 5 zimerudisha miti. Tangu 2018 njia kama hiyo inaenezwa Dodoma kwa jina la Kisiki Hai.

Kwa mwenye mtaji

Anayetaka kufunga mkataba wa mkaa, au kununua shamba la miti, aulize mambo manne: kipimo cha msitu kilichotumika, mwezi wa picha, kama njia ya kupima ilibadilika, na kama kuna mtu aliyekwenda kuhakiki porini. Kisha atazame hati za kusafirishia mzigo: kijiji cha asili kikisogea mbali mwaka hadi mwaka, hiyo ni dalili ambayo ramani inaweza kuikosa.

Akumbuke pia upande wa mnunuzi. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Biashara ya mkaa inabanwa pande mbili, porini na jikoni, na mtaji wa muda mrefu upimwe kwa pande zote mbili.